Barua ya Nne

Katika idara yetu ya upasuaji, ukiandika kwamba mwanafunzi ni "mzuri", umemzika. "Mzuri sana" yuko mahututi. "Bora" angalau anapumua. Yule anayetakiwa kuishi huandikiwa kwamba ni miongoni mwa watu bora kabisa ambao daktari amewahi kuwafundisha, na kwamba daktari mwenyewe angemchukua kesho asubuhi bila kuuliza swali. Mimi ni Loretta Pasquarello, karani wa idara, na nimekaa kwenye dawati hili hapa Filadelfia miaka ishirini na miwili, kwa hiyo lugha ya barua za mapendekezo naijua kuliko sala zangu. Wanafunzi wenyewe hawazisomi. Hutia saini mapema kwamba wameacha haki yao ya kuziona, kwa sababu asiyetia saini hudhaniwa kwamba amesimama mgongoni kwa mwandishi akimwamuru. Basi watoto hawa huchagua barua nne za kubebea maisha yao bila kujua ndani kumeandikwa nini.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano ya mwisho wa Septemba. Saa tatu kamili asubuhi, hospitali zote nchini zilikuwa zinafungua maombi ya vijana wanaotaka nafasi ya kusomea ubingwa. Ukichelewa hata kidogo, unasomwa nyuma ya mamia ya wenzako, maana yake husomwi. Marisol Quiñones aliingia ofisini kwangu saa moja na dakika arobaini, kompyuta kwapani na mfuko wa mikate ya chumvi mkononi, ile iliyosokotwa, bado ya moto.

"Bi Loretta, yako nimeiwekea haradali. Usije kusema sikulelewa."

"Weka hapo. Umeshatuma?"

"Bado. Nimebakiza ile ya nne."

Nilijua kwamba amebakiza ya nne, na tangu jana yake mchana sikuwa nawaza kingine.

Marisol ni mtoto wa Kensington, mtaa wa makabwela hapa mjini, binti wa fundi wa mapaa, mfupi kiasi kwamba wauguzi humwekea kigoda apande ndipo mkono wake uifikie meza ya upasuaji. Mwaka uliotangulia aliomba hospitali sitini. Zilizomwita kwenye usaili zilikuwa mbili. Machi akapata ujumbe wa mstari mmoja kwamba hakuna aliyemchukua. Wengine wangekaa kitandani wiki nzima wakilia, yeye Jumatatu iliyofuata alikuwa hapa idarani akiomba kazi yoyote, akapewa ya utafiti, ya kukatakata maini ya panya. Ameifanya miezi sita bila kununa. Hii ilikuwa mara yake ya pili, na katika upasuaji, aliyekosa mara mbili hakuna anayemsoma mara ya tatu.

Barua tatu alikwisha kuzichagua, hazikuwa na mjadala. Nafasi ya nne ilikuwa na wagombea wawili. Wa kwanza alikuwa Dakta Whitcomb Alderdice, mkuu wa idara yetu, ambaye jina lake likitajwa kwenye mkutano watu hunyoosha tai. Barua yake ilikuwa ya mwaka jana, ila inaruhusiwa kutumika tena. Wa pili alikuwa Dakta Ruth Yoder, daktari wa upasuaji kwenye hospitali ndogo huko Lancaster, mwanamke wa kanisa la Kimenoniti anayevaa kitambaa cheupe kichwani na asiyejulikana na mtu yeyote nje ya wilaya yake. Marisol alikaa naye miezi miwili akijifunza. Na mtandao wa maombi hauna huruma, barua ukishaipeleka huwezi kuirudisha.

Jumatatu Marisol alikuwa ameniomba jambo dogo tu. "Bi Loretta, hebu niangalizie, ile barua ya mkuu inaweza kubadilishwa tarehe? Isionekane kuukuu." Jumanne mchana nikaifungua nakala yangu.

Sasa lazima niseme namna tunavyofanya kazi, na msinikunjie uso. Dakta Alderdice haandiki barua. Hupita mlangoni kwangu kila Septemba na kusema, "Loretta, yule msichana, fanya kama kawaida." Nami nina karatasi yake ya tathmini yenye maneno kama kumi, basi nachukua barua ya mwanafunzi aliyetangulia, nabadilisha jina, nabadilisha sifa, nampelekea asaini. Kila mtu hapa anajua, na hakuna anayelisema. Na mimi nilijivunia barua zangu. Ziliwapeleka watoto Boston, Chicago, Seattle.

Aya ya kwanza ya barua ya Marisol ilikuwa yake. Ilisema yote, mtoto wa Kensington, alama za juu, mchapakazi. Aya ya pili ilianza hivi: "Bwana Kessler, ambaye ni nahodha wa wapiga makasia wa chuo chake."

Nilisoma mara tatu. Todd Kessler alikuwa wa darasa lao, jitu la futi sita na inchi nne. Nilikuwa nimetumia barua yake kutengenezea ya Marisol, nikabadilisha juu, nikasahau chini. Hospitali sitini zilikuwa zimepokea barua ya mkuu wa idara ambaye hajui hata anamsifu nani. Ukimwandikia mwanafunzi barua ya namna hiyo huhitaji kumwita "mzuri". Umeshamwambia msomaji kwamba mtu huyu hakumbukwi.

Niliandika mpya papo hapo, safi, kila neno lake yeye. Nikamkimbilia Dakta Alderdice kwenye korido, kofia ya chumba cha upasuaji tayari kichwani.

"Nini hii?"

"Barua ya Quiñones, daktari. Ile ya zamani ina kasoro."

"Sawa, sawa." Akaiegemeza ukutani, akasaini, akanirudishia kalamu. Hakusoma hata neno moja.

Lakini mtandao huchukua siku tatu kuipokea barua mpya, na kulikuwa kumebaki saa ishirini. Kwa hiyo zilibaki njia mbili tu, barua yenye Kessler ndani yake au barua ya Yoder. Ya Yoder sikuwahi kuiona, kwa sababu aliituma mwenyewe. Nilichojua ni kwamba aliiandika mwenyewe, na kwamba huenda jina lilikuwa sahihi.

Basi Marisol akavuta kiti, akafungua kompyuta yake juu ya dawati langu, akamega mkate.

"Alderdice, sivyo?" akasema. "Wala si kitu cha kufikiria. Nusu ya watakaosoma aliwafundisha yeye."

"Weka ya Yoder."

Akaacha kutafuna. "Yoder wa Lancaster? Bi Loretta, hospitali yake ina ng'ombe nje ya dirisha. Sikutanii. Niliwahesabu nikiwa nashona mtu."

"Ng'ombe hawaandiki barua."

"Huko Boston hakuna anayemjua."

"Watamjua leo."

"Wewe umeamkia upande gani? Wiki iliyopita ulisema jina kubwa linafungua mlango."

"Wiki iliyopita nilisema mengi. Weka ya Yoder, halafu ule mkate wako unyamaze."

Nilidhani utani utanisaidia. Huwa unanisaidia. Lakini mtoto huyu amezoea kutazama uso wa mgonjwa anayesema haumwi, akanitazama hivyo hivyo.

"Umeisoma," akasema.

Nikauvuta mfuko wa mikate.

"Umeisoma barua ya mkuu. Ameandika 'mzuri'."

"Sikusema hivyo."

"Basi ni mbaya kuliko hiyo." Aliuweka mkate chini polepole. "Ni ile siku ya upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nilijua tu. Aliniambia, 'Usiharakishe,' mbele ya watu wote, na mimi nikaharakisha. Nilijua ameiandika."

"Marisol, hapana."

"Kwa hiyo miezi sita nimemkatia panya mtu ambaye hanitaki. Na kila asubuhi nilimwamkia!"

"Nimekwambia hapana."

"Basi niambie ni nini!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi na tano. Nitasema kweli, niliogopa. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Barua mpya ilikuwa droo ya chini, imesainiwa, na baada ya siku tatu ingeingia mtandaoni badala ya ile ya zamani, na hakuna mtu duniani angejua. Nilichotakiwa ni kunyamaza na kumsukumia ya Yoder. Nikanyamaza.

Akafungua ukurasa mwingine. Nikaona orodha ndefu, hospitali nyingine kabisa.

"Hii ni nini?"

"Udaktari wa familia. Niliitayarisha Agosti, sikumwambia mtu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Ni kazi nzuri. Watoto, wazee, shinikizo la damu. Shangazi yangu anasema hata hivyo mwanamke mfupi hivi akishika kisu anachekesha."

"Shangazi yako ni mpumbavu."

"Labda anaona." Akaanza kuondoa alama kwenye hospitali za upasuaji, moja baada ya nyingine. Alibonyeza taratibu. Pittsburgh ikaondoka. Rochester ikaondoka.

Mlango ulikuwa wazi, na wakati huo huo Dakta Alderdice akapita na kikombe chake cha kahawa. Akaingiza kichwa, meno yote nje.

"Leo ndiyo siku, eh? Kila la heri, Marisela!"

"Asante, daktari," Marisol alisema.

Akaenda zake. Miezi sita wamekaa korido moja. Marisol alitazama kioo cha kompyuta, akaondoa Baltimore.

Nilisikia hasira imenipanda mpaka masikioni, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe, kwa sababu yeye alikosea jina kwa mdomo tu na mimi nililikosea mbele ya hospitali sitini.

"Acha," nikasema. "Ondoa mkono hapo."

"Bi Loretta, zimebaki dakika thelathini."

"Ondoa mkono, nimesema!" Nikaigeuza kompyuta yangu imwelekee. "Soma."

Akafumba macho. Naapa, alifumba macho kama mtoto kanisani. "Siruhusiwi. Nilitia saini."

"Soma, mwanangu."

"Nilitia saini! Wakiniuliza kwenye usaili niseme nini?"

Huyo ndiye niliyekuwa nimemharibia. Nikairudisha kompyuta.

"Basi usisome. Nisikilize. Aya ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya Todd Kessler."

Akafumbua macho. "Kessler mpiga makasia?"

"Huyo huyo. Jina lake, na makasia yake. Inasema kwamba kwa urefu wake hulazimika kuiinamia meza ya upasuaji saa nyingi na hajawahi kulalamika mgongo."

Akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, akaziba mdomo. "Mimi napanda kigoda!"

"Najua."

"Yule mzee wa Baltimore," akasema, bado anacheka, "kwenye usaili, aliniuliza kama nitaukumbuka mto nikihamia kwao. Nilidhani ananitania. Nikacheka naye. Alinitazama vibaya sana, Bi Loretta, na sikujua kwa nini." Kicheko kikakatika. "Zilipokea zote sitini?"

"Zote."

"Nani aliiandika?"

Hapo mlango wa kukwepa ulikuwa wazi kwangu. "Saini ni ya Dakta Alderdice," nikasema.

"Sikuuliza saini."

"Mimi. Yeye hatungi, natunga mimi. Nilichukua ya Kessler nikabadilisha juu, nikasahau chini. Nimeiona jana. Nimeandika nyingine, ila haitafika kabla ya saa tatu. Nilitaka uweke ya Yoder usijue."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, mimi nimekulia nyumba ya kelele, kelele naijua inavyokwisha. Alikaa mikono mapajani.

"Nilimwambia baba sikufaa," akasema. "Nilikaa naye jikoni nikamwambia, 'Baba, wamenipima, sikufaa.' Akaniambia kazi ya mapaa haina usaili. Alikuwa anajaribu kunichekesha." Akapangusa pua kwa kiganja. "Bibi yangu alikufa Mei. Wiki ya mwisho aliniuliza kama wamenikataa kwa sababu ya jina letu. Nikamwambia hapana, Bibi, ni mimi. Amekufa anajua ni mimi."

Nikasema naomba radhi. Maneno yalikuwa madogo, na nilijisikia vibaya hata kuyatamka, ila hayakuwapo mengine.

"Usiniombe sasa hivi," akasema. "Sina nafasi."

Akageukia kompyuta yake. Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na nane. Akafunga ukurasa wa udaktari wa familia. Akaanza kurudisha hospitali za upasuaji alizoziondoa, vidole vinakwenda mbio, midomo inahesabu. Baltimore hakuirudisha.

"Yoder ameandika nini?" akauliza bila kunitazama.

"Sijui. Sijaiona. Nikikwambia najua nitakuwa nadanganya tena."

"Aliwahi kuniita kwa jina la mtu mwingine?"

"Hilo unalijua wewe."

Akafikiri. "Siku ya kwanza aliniuliza linatamkwaje. Akalitamka mara tano ndani ya lifti mpaka likakaa." Akaweka barua ya Yoder kwenye nafasi ya nne, kwenye hospitali zote, akasoma orodha kutoka juu mpaka chini, kisha akairudia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa dawati. Saa mbili na dakika hamsini na moja akabonyeza. Kioo kikaandika kwamba maombi yamepokelewa.

Nikataka kusema kitu, angalau ale mkate wake. Yeye hakuinuka.

"Bi Loretta."

"Naam."

"Ulitumia ya Kessler kutengeneza yangu."

"Ndiyo."

"Halafu yangu uliitumia kutengeneza ya nani?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Jana nzima, na asubuhi yote ile, nilikuwa nimemwaza yeye, na kustaafu kwangu, na droo ya chini. Barua huwa nazitengeneza kwa mfuatano wa alfabeti. Mwaka ule walioomba upasuaji walikuwa wanane tu, na baada ya Quiñones alibaki mmoja.

"Rafferty," nikasema.

"Tulikosa wawili mwaka ule," Marisol akasema. "Mimi na Owen Rafferty."

Nikaifungua. Aya ya kwanza ilimsifu Owen Rafferty wa Scranton, mtulivu, anayependwa na wagonjwa. Aya ya pili ilianza na Bwana Kessler na makasia yake. Sikuhitaji kusema, uso wangu ulitosha.

Wote idarani tuliamini kwamba Owen alikosa kwa sababu ya pombe. Mtu fulani alisema alimwona baa wiki ya mtihani, basi, ikawa ndiyo sababu, na mimi mwenyewe niliirudia kwenye chakula cha Pasaka. Alirudi kwao. Nilisikia anauza vitanda vya hospitali.

"Mpigie," Marisol akasema.

"Sasa?"

"Unataka kumpigia lini?"

Namba ilikuwa bado kwenye faili yake. Nikaweka simu kwenye spika kwa sababu sikuamini sikio langu. Iliita sana. Alipopokea kulikuwa na mlio wa gari nyuma yake.

"Bi Loretta wa upasuaji!" akasema, na alifurahi, mtoto wa watu, alifurahi kabisa. "Nina deni la koti jeupe, au?"

"Owen, simamisha gari pembeni."

"Kuna nini?"

"Simamisha gari, mwanangu."

Nikamwambia. Sikuificha kwenye saini ya mtu safari hii. Nilimwambia barua niliiandika mimi, kosa lilikuwa langu, lilikwenda kila mahali alikoomba, na kwamba Marisol yuko hapa, lilimpata na yeye. Nilipomaliza, nilisikia malori yakimpita pale pembeni.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," Owen akasema.

"Haikuwa wewe."

"Niliacha kunywa," akasema. "Nilidhani ndiyo sababu, nikaacha kabisa. Hata harusini kwa dada yangu sikunywa." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya haraka, ya kijana aliyekuwa akinijia na makaratasi Septemba ile. "Subirini. Alama zangu bado zina nguvu. Maombi ya mwaka huu yanafunguliwa lini?"

Nilimtazama Marisol. Marisol aliitazama saa ya ukutani, akainama karibu na simu, akamjibu, "Leo, Owen. Saa tatu." Saa tatu ilikuwa imepita kwa dakika nne.